Ratiba ya sala imejaa, furaha haipo: nipunguze nini, niongeze nini?

Kengele_ya_Mchana aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba msaada wa wanaoyajua mambo haya kwa undani. Ratiba ya kila siku ni hii: Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, yaani sala rasmi ya Kanisa ya zaburi (dakika 25 kwa pamoja), rozari makumi yote 20, kila kumi likiwa Salamu Maria kumi (saa moja na robo), Rozari ya Huruma ya Mungu (dakika 10), novena tatu, yaani sala za siku tisa, zinazokwenda sambamba (dakika 15), sura mbili za Biblia (dakika 15) na litania moja kabla ya kulala (dakika 5). Jumla saa 2 na dakika 25. Kazi ni ya kutwa nzima, na nyumbani kuna mwenzi na watoto watatu. Kwa wiki ratiba inatimia siku mbili, ikibahatika tatu. Siku nyingine zote ni viporo vya jana.

Misa ya Jumapili haikosekani. Lakini furaha anayoiagiza Mtakatifu Paulo, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini" (Flp 4:4), haionekani. Sala imekuwa kama kulipa kodi. Je, kosa liko kwenye ratiba, au furaha inatafutwa mahali isipokaa? Naomba majibu ya kutendeka, si ya kutiwa moyo tu.

Filotea_wa_Leo alijibu:

Milele na milele, amina.

Ndugu, anza na rozari, maana ndiyo iliyokula nusu ya muda wako. Hakuna mahali Kanisa limeagiza makumi 20 kwa siku. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga (matendo ni matukio ya maisha ya Yesu na Maria tunayoyatafakari, moja kwa kila kumi), aliyagawa kwa siku: Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, Uchungu ni Jumanne na Ijumaa, Utukufu ni Jumatano na Jumapili, Mwanga ni Alhamisi. Rozari ya siku ni makumi 5, dakika 15 hadi 20 bila haraka. Anayetaka zaidi asali zaidi, lakini asijiwekee sharti kisha akajihukumu kwa sharti alilojiwekea mwenyewe.

Masifu nayo: mapadre na mashemasi wanaoandaliwa kuwa mapadre wanafungwa na wajibu huo kisheria, mlei anaalikwa tu. Mwaliko mzuri sana, ila ukikosa jioni moja huna dhambi ya kuungama wala kiporo cha kupasha asubuhi. Hilo la viporo ndilo linalokuua. Sala haina malimbikizo. Jana imeshakabidhiwa kwa huruma ya Mungu. Leo unasali ya leo.

Mtakatifu Fransisko wa Sales aliliona tatizo lako katika kitabu alichokitoa mwaka 1609 kwa ajili ya watu wanaoishi katikati ya kazi na familia. Anauliza: je, inafaa askofu akae upweke kama mmonaki wa Karthusi? Mwenye ndoa asitake akiba yoyote kama Mkapuchini, mtawa wa ufukara? Fundi ashinde kanisani kutwa kama mtawa? Ibada ya namna hiyo, anasema, ni kichekesho na vurugu. Ibada ya kweli haiharibu wajibu wa mtu. Nyuki hunyonya asali kwenye ua akaliacha zima kama alivyolikuta. Ndivyo sala inavyopaswa kufanya kwa ndoa yako na kazi yako. Sasa jiulize, saa 2 na dakika 25 hizo zinamnyonya nani?

Pendekezo langu ni hili, lianze siku ya kawaida, si sikukuu wala siku umekasirika. Ukiamka, kabla ya kushika simu, sali Nia Njema. Ni dakika moja, na ni ile tuliyofundishwa tungali watoto: "Wazo, neno, tendo lote, namtolea Mungu pote." Ukiisali kwa akili, kazi yako ya kutwa imekwisha kuwa sadaka kabla hujaianza, na hapo ndipo mzigo unapoanza kupungua. Kisha Injili ya siku hiyo, ile ya Misa, dakika 10. Saa 6 mchana sala ya Malaika wa Bwana, dakika 2. Jioni kumi moja la rozari pamoja na familia, dakika 4. Usiku kuipitia siku, dakika 8. Jumla dakika 25. Sala kabla na baada ya kula sihesabu, hiyo ni pumzi.

Shika hayo wiki sita. Yakitimia siku sita kati ya saba, ongeza kimoja tu, pengine Masifu ya Jioni, au makumi manne yaliyobaki. Yasipotimia, usiongeze nguvu, punguza tena. Watu wengi hushindwa kwa sababu huweka kipimo cha siku yao bora kabisa, yaani siku ya mapumziko, watoto wamelala mapema, kichwa chepesi. Weka kipimo cha siku yako mbaya, ile ya Jumatano umechoka na mtoto ana homa. Kinachowezekana siku hiyo ndicho kitakachodumu.

Na hizo novena tatu, maliza uliyoianza kisha uende na moja kwa wakati. Ukiruka siku ya tano, endelea na ya tano kesho. Mungu si karani anayefuta fomu iliyokosewa. Ikiwa mojawapo ni ya aina ile inayosema "nakili mara tisa na kuigawa, usipofanya utapatwa na jambo", ichane leo. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2111 inaliita jambo hilo kwa jina lake: ushirikina, yaani kuweka nguvu kwenye matendo ya nje ya sala ukaacha moyo. Hofu na furaha hazilali kitanda kimoja.

Mkesha_wa_Jumamosi alijibu:

Nakubaliana na Filotea, ila nitahamishia macho Jumapili, kwa sababu umeitaja kwa sentensi moja fupi kisha ukaipita. "Misa haikosekani." Siku yenyewe je?

Sheria ya Kanisa, kanuni 1247, haisemi tu uhudhurie Misa. Inasema pia tujizuie na kazi na shughuli zinazozuia ibada, zinazozuia furaha iliyo ya siku ya Bwana, na pumziko la roho na mwili. Soma tena: furaha imeandikwa ndani ya sheria. Mtu anayetoka Misa saa 4 akaingia kufua nguo za wiki nzima na kujibu barua za kazi hadi usiku amehudhuria, lakini nusu ya kanuni ameiacha mlangoni. Katekisimu (2185) inakubali kwamba mahitaji ya familia au huduma muhimu kwa jamii ni udhuru halali. Inaonya tu udhuru usigeuke mazoea. Wanaofanya kazi za zamu wakumbuke kwamba Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu, na pumziko linaweza kupewa saa nyingine. Cha kufanya: kazi za nyumbani zinazoweza kuhama zihamie Jumamosi kabla ya jua kuzama, maana kiliturujia Jumapili huanza jioni ile.

Jioni hiyohiyo soma Injili ya kesho. Mwaka A unakwenda na Matayo, B na Marko pamoja na sura ya sita ya Yohane katikati, C na Luka. Dakika 10 za Jumamosi hubadilisha kabisa namna unavyosikia kesho: badala ya kuanza kuelewa padre akiwa amefika katikati ya mahubiri, unafika ukiwa na swali lako tayari. Kisha chukua kiitikio cha zaburi ya wimbo wa katikati, kile tunachokirudia mara nne au tano. Ni kifupi na kina muziki wake, nacho kinakaa kichwani bila kulazimishwa. Kifanye sala yako ya wiki: kwenye foleni, kwenye ngazi, ukisubiri mtu asiyetokea. Mtakatifu Augustino, akimwandikia mjane Proba kuhusu sala, aliwataja wamonaki wa Misri waliokuwa na sala fupi nyingi zilizorushwa haraka kama mishale. Sababu yao ilikuwa ya kiutendaji: sala ndefu hulegeza umakini, mshale hauwahi kulegea.

Fika kanisani dakika 10 kabla. Saumu ya Ekaristi ni saa moja kabla ya kupokea Komunyo. Maji na dawa haviivunji, na wagonjwa, wazee na wanaowahudumia hawabanwi nayo. Na baada ya kupokea usikimbilie kitabu cha nyimbo wala kutazama nani anapita. Dakika tano za kumwambia Bwana "karibu" zinatosha. Wengi wanaolalamika kwamba Misa haiwapi kitu huwa wameondoka kabla hakijatolewa.

Jambo jingine: kalenda. Tunajua kufunga, hatujui kusherehekea. Kwaresima siku 40 tunaishika kwa jasho. Siku 50 za Pasaka zinapita kama Jumanne yoyote. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2013 kuhusu furaha ya Injili, alisema kuna Wakristo ambao maisha yao yanaonekana kama Kwaresima isiyo na Pasaka. Basi ipange Pasaka kama unavyopanga mfungo. Siku nane za kwanza zote huadhimishwa kama sherehe, hata Ijumaa yake haina sharti la kujinyima nyama. Weka kitu kimoja cha kushika hadi Pentekoste: mshumaa mezani kila jioni, au wimbo mmoja wa Pasaka kabla ya kula. Hata ndani ya toba Kanisa limefungua dirisha mara mbili, Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, ambapo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau. Waonyeshe watoto rangi ile. Wataikumbuka kuliko maelezo.

Na sikukuu ya somo wa kila mmoja nyumbani, yaani mtakatifu ambaye ana jina lake, na tarehe ya ubatizo. Kama hamzijui, cheti cha ubatizo kinayo. Kama kimepotea, parokia mlikobatizwa ina kitabu chake. Siku hiyo washeni mshumaa wa ubatizo na mrudie ahadi: mwamkataa shetani, mwamwamini Mungu Baba. Dakika tatu.

Tendo_la_Pili alijibu:

Naomba kuitetea rozari kidogo, isije ikatupwa na maji ya kuoshea. Makumi 5 hayahitaji kiti wala saa maalumu. Yanasalika ukitembea, kumi kwa vidole kumi, na miguu inasaidia akili isizurure. Tatizo la wengi ni mwendo: Salamu Maria zinagongana, mwanzo wa moja unakanyaga mwisho wa nyingine. Simama kidogo kwenye jina la Yesu lililo katikati ya kila salamu. Ukifanya hivyo tu, kumi linachukua dakika nne badala ya mbili na nusu, nawe unajua ulikuwa unaongea na nani.

Na kwa kuwa umeuliza furaha, yaangalie Matendo ya Furaha yenyewe kwa karibu. La pili: Maria anaondoka kwa haraka kwenda milimani kumsaidia Elisabeti. Hajapata ufafanuzi wowote zaidi, hajajua Yosefu atasema nini. Anaamkia mlangoni, na "kitoto kichanga kikaruka kwa shangwe" (Lk 1:44). Shangwe ya kwanza katika habari hii inampata mtu mwingine, nyumba nyingine, kwa sababu msichana amekwenda kusaidia kazi. La nne: Simeoni anampakata mtoto, na maneno yanayofuata ni ya upanga utakaoingia moyoni mwa mama. La tano linaanza na siku tatu za wazazi kumtafuta mtoto kwa uchungu. Haya yote Kanisa limeyaita ya furaha. Anayedhani furaha ya Kikristo ni kutokuwa na upanga, asali haya kila Jumatatu kwa miezi mitatu.

Kwa hiyo toa kitu kwenye ratiba, weka tendo. Moja kwa wiki, lenye siku na jina: Jumanne saa 12 jioni kumpigia mgonjwa fulani, Jumamosi kumpokea mzee fulani mzigo wake. Ukisema "nitakuwa na huruma zaidi" hakuna kitakachotokea. Na lifanywe kwa uso mkunjufu, maana Paulo anadai hivyo waziwazi: mwenye kurehemu, kwa furaha (Rum 12:8).

Kengele_ya_Mchana aliandika:

Asanteni sana. Maswali mawili ya nyongeza. Usiku, kuipitia siku kunageuka orodha ya makosa, na mtu analala akiwa mzito kuliko alivyokaa. Pili, nyumbani: mwenzi si mtu wa sala za pamoja, na watoto wananuna rozari ikitajwa. Nifanyeje bila kulazimisha?

Mlango_wa_Kitubio alijibu:

Kuhusu usiku. Njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola ina hatua tano, na mpangilio wake ndio dawa: shukuru, omba mwanga, pitia siku, omba msamaha, azimia kesho. Wanaolala wazito huruka mbili za kwanza. Wanaingia moja kwa moja kwenye makosa, bila mwanga, kama mtu anayetafuta sindano gizani akajichoma nayo.

Kati ya zile dakika 8, tatu ni za shukrani. Usiseme "asante kwa uhai na afya", hilo ni la kila siku na halikugusi. Taja mambo matatu ya leo tu, yenye sura: mtoto alivyocheka na jino lililong'oka, mwenzako kazini aliyekushikia nafasi, dakika ile mvua ilipokatika ukavuka bila kulowa. Dakika moja uombe kuona kama Mungu anavyoona. Mbili za kuipitia siku saa kwa saa, ukiuliza wapi ulisogea kwa Mungu na wapi ulisogea mbali. Moja ya kuomba msamaha kwa jambo moja lililo zito kuliko mengine. Moja ya kesho: tendo moja dogo, lenye saa. Fanya umekaa kwenye kiti, si kitandani, na isiwe saa ambayo macho yamekwisha fumba. Baada ya chakula cha jioni ni bora kuliko saa 5 usiku.

Kama pamoja na hayo moyo bado unashtaki, angalia kama ni wasiwasi wa dhamiri. Dalili zake zinajulikana: kuungama tena dhambi zilizokwisha ondolewa, kuogopa kwamba kila kosa ni la mauti, kurudia sala kwa hofu kwamba haikusemwa vizuri. Katekisimu (1857) inataka mambo matatu yawepo kwa pamoja ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe ni zito, unajua vizuri kwamba ni zito, na unalikubali kwa kukusudia. Kuzubaa katika kumi la tatu hakumo. Mwenye wasiwasi huo ashike mungamishi mmoja tu na kumtii, asizunguke kutafuta jibu jipya. Akiambiwa "hilo limekwisha, usilirudie", asilirudie hata likimwasha. Utii huo mdogo umewaponya wengi.

Kwa wengine, kuungama mara moja kwa mwezi kunaleta wepesi ambao ratiba haiwezi. Sheria inadai dhambi kubwa ziungamwe walau mara moja kwa mwaka; hicho ni kiwango cha chini, kama mtu aseme ataoga mara moja kwa mwaka. Ungama kwa ufupi: aina ya dhambi, mara ngapi, na hali inayobadilisha uzito wake kama ipo. Usiungame dhambi za mwenzi wako wala usisimulie kesi nzima. Malipizi yafanye siku hiyohiyo, kisha soma Luka 15 uone nani alianza kukimbia kwanza, mwana au baba.

Filotea_wa_Leo alijibu:

La nyumbani nijibu mimi.

Watoto: kumi moja, si matano, na likome kabla hawajachoka. Mmoja ashike mshumaa (au auzime mwishoni, hiyo kazi hugombewa), mmoja aongoze, mmoja ataje nia. Nia yao iachwe kama ilivyo, hata ikiwa ni ya mdoli aliyevunjika mguu. Ukiirekebisha, kesho atakutajia nia unayotaka kuisikia. Mdogo wa miaka mitatu aruhusiwe kuzungukazunguka. Kamwe sala isiwe adhabu: "umepigana na dada yako, sasa piga magoti usali" ni somo la kuichukia sala kwa miaka thelathini.

Mwenzi: Mtume Petro (1 Pet 3:1) anazungumza juu ya waume wanaovutwa pasipo lile neno, kwa mwenendo tu wa wake zao, na kanuni hiyo inafaa pande zote mbili. Usimhubirie. Mwalike mara moja, kwa jambo fupi, mfano sala ya chakula, kisha uache mlango wazi bila kusimama mlangoni. Atakachopima si idadi ya makumi yako. Atapima kama baada ya kusali unazungumza naye vizuri au unakuwa mkali kwa kuwa umekatizwa. Papa Fransisko alirudia mara nyingi maneno matatu ya familia: naomba, asante, samahani. Na akaongeza kwamba siku isiishe bila kupatana. Ikibidi uchague usiku mmoja kati ya litania na kupatana, patana.

Ukimya_Kidogo alijibu:

Nimesoma yote, nina pingamizi moja. Inyasi huyohuyo anafundisha kwamba wakati wa ukavu, yaani sala inapokosa ladha, mtu asibadili maazimio yake. Tena asali kidogo zaidi, si pungufu. Ninyi mnamwambia mtu aliye katika ukavu apunguze kutoka dakika 145 hadi 25. Hamwoni mnamfundisha kukimbia?

Mlango_wa_Kitubio alijibu:

Pingamizi la haki. Kanuni ya Inyasi inalinda azimio lililofanywa vizuri, katika utulivu. Ratiba inayotimia siku mbili kati ya saba haijawahi kuwa azimio, imekuwa tamaa. Hata hivyo onyo lako lishikwe hivi: Kengele asipunguze usiku ule amechoka na kukata tamaa. Achague siku tulivu, aandike ratiba mpya, amwonyeshe mungamishi wake, ndipo aanze. Akishaianza, kanuni ya Inyasi inamfunga kabisa: siku atakayochukia zile dakika 25, asali 26.

Na ukavu si kosa moja kwa moja. Inyasi anataja sababu tatu: uvivu wetu wenyewe, Mungu anatupima tunamtumikia kwa kiasi gani pasipo ujira wa utamu, na tujue kwa uzoefu kwamba faraja ni zawadi, hatuitengenezi. Ya kwanza tu ndiyo ya kurekebishwa. Mbili nyingine ni za kuvumiliwa.

Mkesha_wa_Jumamosi alijibu:

Niongeze la huzuni, kwa kuwa limenukia katika swali la kwanza. Furaha ni tunda la Roho (Gal 5:22), na Mtakatifu Toma wa Akwino anaieleza kuwa matokeo ya upendo. Hilo lina maana kubwa kiutendaji: huwezi kuiamuru ije kwa kukunja ngumi, kama huwezi kuuvuta muembe uzae. Unamwagilia mizizi. Kwa hiyo anayehuzunika hatendi dhambi, wala halazimiki kuigiza tabasamu. Yesu alilia machozi kaburini kwa Lazaro. Zaburi 88 inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa matumaini, na Kanisa limeiweka katika sala ya kabla ya kulala kila Ijumaa. Ukiwa na usiku wa namna hiyo, isali hiyo, usijilazimishe aleluya.

Toma ana pia orodha ya dawa za huzuni: jambo la kupendeza, kulia, kuhurumiwa na marafiki, kuitafakari kweli, na mwisho, usingizi na kuoga. Mwalimu wa Kanisa anakuambia ukalale na ukaoge. Mchukulie kwa uzito. Watu wengi wanaodhani wamepoteza imani wamepoteza saa mbili za usingizi kila usiku kwa mwaka mzima.

Lakini ikiwa huzuni, au kutopenda tena chochote, imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, na usingizi, hamu ya kula au nguvu vimevurugika, mwone daktari. Ukisikia mawazo ya kujidhuru, nenda leo, wala usisubiri hizo wiki mbili. Sonona ni ugonjwa. Sala inaendelea sambamba na tiba, kama kwa mguu uliovunjika.

Kengele_ya_Mchana aliandika:

Nimeelewa. Novena zitabaki moja, rozari itakuwa ya kutembea, na ratiba mpya itaandikwa Jumamosi na kupelekwa kwa padre. Swali dogo la mwisho: usingizi ukinizidi katikati ya zile dakika 8? Na Malaika wa Bwana wa saa 6, wakati wa Pasaka unabaki hivyohivyo?

Tendo_la_Pili alijibu:

Ukizidiwa, sema "Asante, nisamehe, kesho nisaidie", ishara ya msalaba, lala. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu alikuwa akisinzia katika sala kwa miaka, na akasema watoto wadogo huwapendeza wazazi wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Ila likitokea zaidi ya mara mbili kwa wiki, sogeza muda, usilaumu mwili.

Wakati wa Pasaka hapana, inabadilika. Kuanzia Jumapili ya Pasaka hadi Pentekoste tunasali Malkia wa Mbingu badala yake, tena tukiwa tumesimama. Ni fupi, haifiki dakika mbili, na watoto huishika upesi kwa sababu ya aleluya mwishoni mwa kila mstari. Weka kengele ya simu saa 6 kamili. Ikilia ukiwa katikati ya kazi, simama pale ulipo, hata kwa sauti ya moyoni: "Malkia wa mbingu, furahi, aleluya."